Tervana Baada ya Mfalme wa Barafu

Mtaani kwetu, huku Brazili kwenye vilima vya mji wa Juiz de Fora, ukiuliza nyumba ya Jussara Vilela utaulizwa kwanza: yupi, mshona sare au yule wa dadu? Ni mtu mmoja. Siku za kazi anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele, redio ikiimba pembeni. Jumapili mchana anaifunika mashine kwa shuka, anasogeza meza ya kukatia vitambaa katikati, na sisi marafiki zake tunaizunguka kucheza mchezo wa kusimulia.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Jussara ndiye msimulizi: anabeba nchi nzima kichwani, mito yake, wafalme wake na majambazi wake. Kila mmoja wetu ni mtu mmoja ndani ya nchi hiyo na anasema anachotaka kufanya. Jambo likiwa gumu anarusha dadu, na dadu ndizo zinazoamua kama kafaulu au kaangukia pua.

Mimi naitwa Otacílio, mpeleka barua. Nimekaa kwenye meza hiyo muda mrefu hata mke wangu aliacha kuniuliza Jumapili ninakwenda wapi. Pembeni yangu hukaa Marlúcia, mpishi wa shule ya msingi, mwanamke mpole wa maneno machache. Lakini mpe upanga wa kubuni uone, humjui tena.

Jussara ana kaka yake mkubwa, Evandro. Utotoni mwao mashine za gemu zilikuwa za wenye nacho, kwa hiyo watoto wa mtaa walikwenda kwenye duka la Bwana Tarcísio, Seu Tarcísio kama tunavyosema huku, karibu na reli, wakalipia saa ya kucheza. Hao wawili walipenda gemu moja tu, iliyokuwa na nchi iitwayo Tervana: ziwa lililoganda, daraja la chuma, machimbo ya chumvi, na Mfalme wa Barafu aliyejifungia ngomeni. Gemu ile ilikuwa ya mchezaji mmoja. Evandro alishika padi, Jussara akakaa kando yake juu ya kreti ya soda, akichora njia zote walizopita ili kesho yake wasipotee. Walipomuua yule mfalme fataki zililipuka juu ya ngome, kioo kikawa cheusi, Seu Tarcísio akawaambia muda umeisha.

Walipokua, Jussara akaingia kwenye dadu na Evandro akaingia kwenye lori. Alisafirisha maziwa na kahawa karibu maisha yake yote, na kila alipokuwa na mapumziko aliwasha mashine yake kuukuu akarudi Tervana, kama mtu anayekwenda kuwasalimia wakwe. Mezani kwetu hakukaa hata siku moja. Alikuwa akipita dirishani na kutucheka.

"Ninyi mmekatiwa umeme au ndivyo mnavyopenda?" aliuliza. "Gemu gani hiyo ya kupiga domo?"

"Pita zako, kaka," Jussara alimjibu. "Hii inataka akili, si vidole."

Kisha sukari ikamwingia machoni. Mwanzoni alisema anaona kama kuna mafuta kwenye kioo cha mbele cha lori. Madaktari walijaribu kila walichonacho. Jicho la kulia likaenda, na kabla mwaka haujageuka la kushoto likafuata. Lori akapewa mwingine. Evandro akahamia chumba cha nyuma cha nyumba yake mwenyewe, akafunga mlango, na kila aliyemletea habari za fimbo nyeupe au za kituo wanakofundishwa wasioona alimwambia asante, aache mlango kama alivyoukuta.

Mke wake, Cleonice, alivumilia mpaka asubuhi moja alipomkuta Jussara katikati ya kazi, akaketi juu ya rundo la sare bila kukaribishwa.

"Wifi, kaka yako hajichomi sindano," alisema. "Ananiambia kajichoma, lakini kichupa cha insulini kiko vile vile. Jana usiku ameamka mara tano kunywa maji."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia kila kitu. Nimelia, nimefoka, nimenyamaza. Sina kingine, Jussara. Naogopa nitamkuta amelala na asiamke."

Jussara alizima mashine. Aliniambia baadaye kwamba hakuwa na wazo lolote, ila aliona kwamba watu wote waliogonga mlango ule walikwenda kumzungumzia Evandro macho yake, na hakuna aliyekwenda kumzungumzia kitu anachokipenda.

Jumapili iliyofuata hatukukutana kwake. Tulibeba dadu, karatasi na vimkate vya jibini, tukaketi kwenye meza ya chakula ya Evandro, karibu kabisa na mlango wa chumba chake. Cleonice alimgongea akamwambia wageni wamefika. Evandro akajibu kutoka ndani kwamba yeye hakumwita mgeni. Jussara hakumbembeleza. Alianza kusimulia kwa sauti yake ya kawaida.

"Mmesimama kileleni, nchi ya Tervana. Chini yenu kuna ziwa lililoganda. Upande wa mashariki mnaona daraja la chuma."

"Magharibi," sauti ikatoka chumbani.

Tukatazamana. Jussara akaendelea kana kwamba hakusikia. "Kwenye daraja amekaa mlinzi mzee, kavaa kofia nyekundu."

"Ya kijani, Jussara. Na daraja liko magharibi. Si ulichora mwenyewe?"

"Nilikuwa mdogo, kaka. Nimesahau. Njoo unirekebishe basi."

Mpaka leo hajaniambia kama alikosea kweli au alitega. Mlango ulifunguka, Evandro akatoka akipapasa ukuta, amekonda, ndevu hazijanyolewa. Cleonice alimvutia kiti bila kusema neno.

Tulidhani tumeshinda. Lakini Jussara alikuwa ameichukua hadithi ya gemu nzima nzima, na Evandro aliijua kama njia ya chooni kwake. Kabla hajamaliza kueleza maporomoko ya maji, kaka yake alishasema kuna sanduku nyuma yake. Mlinzi wa daraja ni msaliti, msile mkate wake. Kengele tatu za machimbo zinapigwa kuanzia ndogo. Mfalme anaogopa moto, simameni kushoto kwake. Marlúcia hakupata hata nafasi ya kuchomoa upanga.

"Basi," Evandro alisema. "Mfalme amekufa. Fataki juu ya ngome. Mwisho."

Aliweka viganja vyake mezani, akavitandaza.

"Mdogo wangu, najua unachofanya, na nakushukuru. Lakini umeniletea chakula nilichokwisha kula, umekipasha moto tu. Kila ukisema daraja, naliona lilivyokuwa. Na vile lilivyokuwa sitaliona tena."

Akainuka, akarudi chumbani, akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Tuliteremka ngazi za mtaa. Jussara alikuwa mbele, kaukumbatia mfuko wa dadu kifuani. Mwishowe alisema, "Nimemwongezea maumivu." Marlúcia ndiye aliyefungua kinywa.

"Mimi sijawahi kuicheza hiyo gemu," alisema. "Nilitaka kuuliza kitu lakini kaka yako alikuwa na haraka. Huyo mfalme akishakufa, ziwa linayeyuka?"

"Gemu inaisha hapo, Marlúcia."

"Najua gemu inaisha. Lakini wale watu wa kando ya ziwa hawajaisha. Barafu ikiyeyuka, maji yote hayo yanakwenda wapi? Wanalala wapi? Huyo mlinzi wa daraja anafanya kazi gani sasa?"

Jussara alisimama kwenye ngazi, mwanamke aliyekuwa nyuma yetu na ndoo ya nguo karibu atugonge.

"Sijui," alisema. "Hata Evandro hajui."

Wiki ile alishona huku akili yake iko Tervana. Nilipompelekea barua zake nilimkuta ametandaza karatasi ya kuchorea mitindo, ameichora upya ile nchi ya utotoni kwa chaki ya fundi, na anaifuta hapa na pale kwa kiwiko. Nilimuuliza anabakisha nini na anabadilisha nini.

"Majina nayaacha, na milima," alisema. "Akikosa pa kukanyaga hataingia. Lakini kila kitu ambacho maji yanaweza kukifikia, nimekiachia maji."

"Na yeye akikasirika?"

"Akikasirika atakuwa ametoka chumbani kukasirika. Nipe barua zangu, Otacílio, nina makoti ya kumaliza."

Jumapili tulirudi. Safari hii Evandro hakujibu hata alipogongewa. Jussara aliketi, akanywa kahawa yake nusu, akaanza.

"Ni miaka ishirini tangu Mfalme wa Barafu auawe. Barafu imeyeyuka. Ziwa limepanda na kuumeza mji wa chini, watu wamehamia ngomeni kwa mfalme wao wa zamani, wanafuga bata kwenye roshani zake. Daraja la chuma liko chini ya maji. Ukipita na mtumbwi juu yake siku ya jua, unaliona limelala kama samaki."

Chumbani kitanda kililia, kama mtu amekaa kitako.

"Watu wa ngomeni wana shida," aliendelea. "Ukungu unashuka ghafla, mitumbwi inapotea. Wanahitaji kengele ya kuwaita wavuvi nyumbani."

"Kengele si zile za machimboni?" Sauti ilikuwa karibu kuliko tulivyotarajia; alikuwa amesimama nyuma ya mlango. "Zimekwenda wapi?"

"Mbili zimezama. Ya tatu haijulikani iko wapi. Njoo uone."

Neno lilimtoka kabla hajalitazama. Jussara akajiziba mdomo kwa mkono. Cleonice, aliyekuwa mlangoni mwa jikoni, akafumba macho. Hata mimi nilitamani meza inimeze.

"Sawa," Evandro alisema. "Nakuja kuona."

Akatoka, akakifikia kiti mwenyewe. Aliuliza yeye ni nani katika hadithi hii, Jussara akamwambia achague.

"Basi mimi ni yule mlinzi wa daraja."

"Yule msaliti?" Marlúcia aliuliza.

"Nimezeeka, mama. Sina tena daraja la kusalitia watu. Lakini nchi hii naijua yote, na hakuna anayeniamini."

"Mimi sikuamini," Marlúcia alisema, "lakini nitakufuata, maana una kofia nzuri."

Likabaki suala la dadu. Ya kwetu ina nyuso ishirini na tarakimu ndogo za kuchongwa, na vidole vya Evandro bado havikuwa vimejifunza kusoma. Nikajitolea kumsomea.

"Otacílio, ukinionea huruma nitajua," alisema.

"Utajuaje?"

"Ulipokuwa ukiniletea faini za barabarani sauti yako ilikuwa inajikunyata. Mimi naisikiliza hiyo sauti tangu sijapofuka."

Tukaianza safari. Kwenye ukingo wa machimbo palikuwa na ufa wa kuruka, na mlinzi mzee alitaka kuwa wa kwanza. Evandro aliichezesha dadu mkononi, akairusha. Ilibingirika, ikagonga sahani ya vimkate, ikatulia. Nikaitazama. Nilihisi wote wananitazama mimi, na Cleonice kutoka jikoni alinitikisia kichwa, akiniomba kwa macho niseme namba nzuri.

"Tatu," nikasema.

"Tatu kati ya ishirini?"

"Tatu, bwana. Pole sana."

Jussara hakumlainishia. "Umeanguka," alisema. "Umeshika mzizi, hukufa, lakini mfuko wa chakula umekwenda na maji."

"Mfuko wote?"

"Na mkate wangu ulikuwa humo, mzee wewe," Marlúcia alisema. "Nilijua tu. Msaliti ni msaliti."

Pembe za mdomo wa Evandro zilisogea. "Sasa nakuamini, Otacílio," alisema, akanyoosha mkono arudishiwe dadu.

Ndani ya machimbo alikuwa kama mtu mwingine. Alituamuru tufungane kamba kiunoni, akaenda mbele. Kushoto, akasema, kushoto tena, inama hapa kuna boriti, halafu ngazi ya mawe inayopanda mpaka kwenye chumba cha kengele. Jussara alithibitisha kila kona. Sauti ya Evandro ilikuwa inapanda. Ilikuwa ile sauti ya lori, ya mtu anayejua njia na hataki kuelekezwa.

"Mmefika penye ngazi," Jussara alisema. "Ngazi hakuna."

"Hakuna vipi? Iko pale. Nimepita pale mara elfu."

"Ulipita maji yakiwa barafu. Yameyeyuka, yakaila. Na wewe uko mbele, kaka, una haraka, na mguu umeshaunyanyua."

"Usiniambie."

"Rusha."

Akarusha. Niliisoma mara mbili kwa sababu sikuamini. "Mbili," nikasema.

Basi mlinzi mzee akaporomoka na kamba ikatuvuta sote nyuma yake, Marlúcia na upanga wake, mimi na taa, tukateleza kwenye mfereji wa chumvi kama magunia, tukatoka upande wa pili wa mlima, tukatumbukia ziwani chini ya roshani za ngome, katikati ya bata wa watu. Jussara alitueleza mpaka kelele za bata. Alitueleza na bibi aliyetoka roshanini na ufagio, akitaka kujua ni nani anawasumbua ndege wake.

Evandro aliinamisha kichwa, na nilidhani tumempoteza tena. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Akacheka. Akacheka kile kicheko chake cha kwenye vituo vya mafuta, kinachokufanya ugeuke hata kama humjui mwenyewe, na ambacho mtaani hatukuwa tumekisikia tangu lori liondoke.

"Njia naijua," alisema, akijifuta macho. "Mara elfu nimepita. Nikawapeleka kwa bata."

"Mwambie yule bibi kosa ni la huyu mwenye kofia," Marlúcia alimwambia Jussara. "Mimi simjui."

Akacheka tena mpaka akashika ukingo wa meza. Nilimtazama nikaelewa kidogo. Miezi yote ile nyumba yake mwenyewe ilikuwa imemgeukia, kila kiti mahali pasipo pake, kila mlango unamgonga, na kila kosa lake mtu alilitazama kwa majonzi. Pale mezani alikuwa amekosea njia katika nchi aliyoijua kuliko zote, wote tukaloa pamoja naye, na hakuna aliyemhurumia. Tulimtukana tu.

Tulipokuwa tunakusanya karatasi alinyoosha mkono kutafuta sahani. "Hivi vimkate vimebaki? Nina njaa."

"Vipo," Cleonice alisema.

"Niletee na sindano basi. Sindano kwanza."

Cleonice alimletea. Evandro aliinua shati, akabana tumbo, akajichoma mwenyewe pale pale mbele yetu, kama mtu anayefunga kiatu. Cleonice alirudi jikoni. Nilipompelekea vikombe nilimkuta ameketi kwenye kigoda, kitambaa cha vyombo kimemfunika uso, anapumua kwa nguvu kama aliyepanda mtaa mzima na mtungi wa gesi begani.

"Shemeji, uko salama?"

"Niko salama," alisema ndani ya kitambaa. "Niache kidogo. Niko salama kabisa."

Sitasema kwamba macho yalirudi. Hayakurudi, na hayatarudi. Kuna Jumapili alizokataa kutoka, na kuna moja aliyomfokea Jussara mpaka tukaondoka mapema. Lakini kengele ya tatu ilikuwa bado haijapatikana, na mtu aliyewapeleka wenzake kwa bata ana jina la kulisafisha. Sindano hakuziacha tena. Daktari alipompima tena alimwambia Cleonice kwamba figo za Evandro zimeepuka hatari aliyokuwa anaihofia, na Cleonice alimpigia simu Jussara kutoka kwenye korido ya hospitali, wakakaa kwenye simu bila kusema kitu, mmoja analia huku na mwingine kule, mpaka salio likaisha.

Fimbo nyeupe aliikubali kwa sababu ya ubishi. Tulikuwa tumerudi kwa Jussara, kwenye meza kubwa, na kila wiki Cleonice alimleta mumewe kwa kumshika kiwiko. Evandro alichoka kuletwa. Alikwenda kituoni, akafundishwa, na Jumapili moja akatutumia ujumbe kwamba anakuja peke yake na atakayetoka nje kumpokea hatakuwa rafiki yake.

Tulijibanza dirishani watatu, nyuma ya pazia. Alitokea juu ya mtaa, fimbo ikigonga kulia na kushoto. Kwenye kona alisimama, mbwa wa jirani akamzunguka, naye akageukia upande usio wake. Jussara alinishika mkono, kucha zikaniingia. Evandro alisikiliza, akagonga ukuta, akageuka tena, akaja. Alipofika mlangoni pumzi zote tatu zilitoka kwa pamoja.

"Ondokeni dirishani," alisema. "Nawasikia mnavyohema."

Siku hizi Jumapili ni zetu, lakini Alhamisi mchana ana meza yake mwenyewe pale kituoni, na dadu za nukta zilizoinuka ambazo vidole vinazisoma. Yeye ndiye msimulizi. Nchi aliyowapa wenzake wasioona ameiazima kwenye gemu ya mbio za malori aliyokuwa akiicheza zamani: jangwa, barabara moja, na vituo vya mafuta vinavyogombaniwa. Jussara alipomuuliza gemu ya mbio inawezaje kuwa na hadithi, alimjibu kwamba ndani ya gemu uliyapita malori mengine kwa kasi bila kujua yamebeba nini.

"Na yamebeba nini?" Jussara aliuliza.

"Hicho ndicho wanachotaka kujua," alisema. "Moja nimelijaza nyuki. Hawajalifungua bado. Usimwambie mtu."